Shanga za Mama Angani, Loiyangalani hadi Lodwar

Niliondoka Durban kwa sababu ya macho ya mama. Alikuwa na mtoto wa jicho, na madaktari wa macho walikuwa Lodwar kwa wiki moja tu. Mama anaishi Loiyangalani, ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana. Kazi yangu ni kuchora ramani, kwa hiyo nilipima kwa rula: angani ni kama kilomita mia moja na thelathini. Kwa gari ni kulizunguka ziwa upande wa kusini, siku mbili za mawe, na mgongo wake usingestahimili. Nikakodi ndege.

Overport, mtaani kwangu Durban, Jumapili. Jirani yangu Mama Divine, Mrundi anayeuza nguo Isipingo, alinisindikiza.

"Eish, kilomita kidogo hivyo mupande ndege? Kwenu barabara haiko?"

"Iko," nikamjibu, "ila mbuzi hufika kwanza."

Akanipa ushanga wa Kizulu, zawadi ya kumpelekea mama.

Jumanne, saa moja asubuhi, uwanja wa Loiyangalani. Kwenye ndege ndogo kila abiria hupimwa pamoja na mzigo wake. Uzito wetu nilikuwa nimeutaja kwa simu, na wa mama nilikadiria mwili tu. Mimi, mtoto wa mwanamke wa Kiturkana, nikasahau shanga. Zake zimepanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na ule wa Durban ulikuwa juu kabisa.

Rubani, Kapteni Muli, alisoma mizani mara mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba tumezidisha. Akauliza kama mama angeweza kuvua shanga, zifuate kwa gari.

Nilitafsiri kwa sauti ndogo. Kwetu mke huzivua anapofiwa na mume.

Mama akamgeukia baba, aliyesimama na fimbo yake karibu na bawa. "Muulize rubani kama anamwona huyu mzee ni maiti."

Baba akakohoa kwa nguvu, ushahidi utoshe.

Upepo ulikuwa unaanza, na Kapteni hakutaka kuungoja. Nikateremsha sanduku langu lote, nikapanda na mswaki.

Saa mbili na robo tulikuwa juu ya ziwa. Nilimsimulia mama kisiwa, maji ya kijani, ufuo. Kabla sijamaliza tulikuwa tunashuka.

Alhamisi, Lodwar, bandeji ya jicho la kulia ilitolewa.

Ijumaa, uwanjani, mama alipanda mizani bila kushikwa mkono. Akamwamuru Kapteni asome kwa sauti, abiria wengine wasikie. Aliposikia, alinyoosha shingo zaidi.

Tulipotua Loiyangalani, alimwona baba kabla yangu.

"Yule pale," alisema. "Amekalia sanduku lako. Mwambie rubani aangalie vizuri."

Sasa nimerudi Overport. Mama Divine ameniuliza tena ni umbali gani kati ya Loiyangalani na Lodwar. Zamani ningechukua rula. Nimemwambia: dakika arobaini na sanduku moja, mama akiwa amevaa shanga zote.