Beji ya Wakesho

Mimi, Mkamburi wa Mghange, subira sina, na binti yangu Wakesho anajua. Aliposhika mimba ya pili nilimwonya kwenye simu: "Usimwambie mtu yeyote! Mdomo uliponza kichwa." Ile ya kwanza tuliitangaza mapema, ikatoka. Na kwetu mimba changa haisemwi, mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Sasa kazi yake huko Voi ni ya vipande vya silikoni, vyembamba kama ganda la kitunguu, kila kimoja kina maelfu ya vijimacho. Ng'ambo kuna mtambo mkubwa chini ya ardhi, wanagonganisha chembe ndogo sana, na vijimacho hivyo ndivyo vitakavyoona kilichoruka. Lakini mle ndani kuna miale ya kuharibu vifaa. Kwa hivyo vipande vinachomwa kwanza na miale makusudi, vinaletwa Voi, vinakaa kwenye friza, na Wakesho anavipima kama bado vinaona. Mimi nilidhani ni kama kutengeneza simu.

Mwezi uliopita nikampelekea ndizi na maharagwe. Mkubwa wake, Donald, mtu mpole, akanifikisha mpaka mlango wa maabara. Pale kwenye kioo nikaona ile alama ya manjano ya miale. Nikarudi nyuma hatua.

"Usijali, Mama Wakesho," akasema. "Miale inayobaki kwenye vipande ni kidogo sana. Na tuna masharti makali. Kila mtu anavaa beji kifuani ya kupima miale. Mwanamke akishika mimba anatuambia mara moja, tunamtoa kwenye hivi vipande."

Ala! Eti ananituliza. Nikamtazama binti yangu kupitia kioo, ameinamia kipande na kibano mkononi. Tumbo la miezi minne lilikuwa ndani ya lile koti jeupe, limefichwa kwa amri yangu.

Nikisema, labda kazi imekwenda. Nikinyamaza, je, mtoto? Haki niliogopa, sijawahi kuogopa vile.

"Mtoe," nikasema.

"Nani, mama?"

"Wakesho! Mtoe sasa hivi! Ana mimba, na ni mimi niliyemwambia anyamaze!"

Donald akafungua mlango, akamwita. Wakesho alipouona uso wangu akajua.

"Umesema?"

"Nimesema. Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Na aliyenificha ni nani?" Akaangua kilio palepale, na sikujua kama ni hasira au ni mzigo umemtoka.

Donald hakumgombeza. Alimhamishia kwenye kompyuta siku hiyo, akaituma beji Nairobi ikasomwe. "Mara nyingi zinarudi safi," akasema. Mara nyingi! Mtu na akili zake anamwambia mama neno kama hilo?

Tangu hapo usingizi sina. Kila jioni nampigia.

"Majibu ya beji?"

"Bado, mama."

"Bado?"

"Bado."

Jana akanikatiza. "Mama, kila siku ni beji, beji. Mbona mtoto humuulizii?"

Kweli sikuwa nimemuulizia hata mara moja, kwa kuogopa jibu.

"Haya. Mtoto je?"

"Anacheza, mama," akasema. "Tangu asubuhi anacheza."