Kila Mtu na Mafiga Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sufuria ya chuma ambayo mimi mwenyewe ningeweza kukaa ndani, upawa wa mti, na banda refu la nyasi lililokuwa bado linanuka jasho la wapagazi. Aliyenikabidhi alikuwa Bwana Daktari wa boma la Songea, Mjerumani mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, hata alipokuwa anashukuru. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha na njaa iliyofuata ilikuwa imeanza kulegea. Lakini njia zilikuwa bado zimejaa watu wazima wasio na pa kwenda: wajane, vilema, wazee ambao vijiji vyao vilichomwa moto, na wengine ambao miili yao ilikuwa mizima ila akili zao zimechoka.

"Hawa hawana kwao," Bwana Daktari akaniambia. "Wape mkeka. Wape chakula. Anayeharisha, niambie upesi. Umeelewa, Binti Athumani?"

Nikasema nimeelewa, kwa maana amri ya boma haikuwa na jibu lingine.

Nyinyi mnaofanya leo kazi hizi za kutunza wasio na kwao huniuliza nilisomea wapi. Sikusomea popote. Mimi ni Myao wa Nakapanya. Mume wangu alikuwa mpagazi wa misafara, akafia Songea kwa kuhara damu, na Bwana Daktari aliyeniona nikimuuguza akadhani naweza kuwatunza na wengine. Tena sikuwa Mngoni wala sikuwa mtu wa boma, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisa nami. Cheo changu kikawa msimamizi wa banda. Nilipimiwa posho ghalani, yaani chakula cha siku: unga wa ulezi au wa muhogo, chumvi, na maharage yakipatikana. Nilifagia, nilikagua paa kabla ya masika, niliwatenga wagonjwa, na niliamua nani alale karibu na nani. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Aliyelipigania boma na aliyepigana nalo huwezi kuwalaza mkeka kwa mkeka ukatarajia kuamka na habari njema.

Bwana Daktari alitaka wote wale sufuria moja. Hakuwa na nia mbaya. Alisema chakula kikipikwa pamoja atajua maji yamechemka na ataona nani amekosa hamu ya kula. Nami nilikuwa nimelelewa kula sinia moja na watu kumi, nikaona ni jambo la heri. Lakini watu hawakukaa. Walikuja wamekonda kama fito, wakala siku mbili tatu, wakatoweka. Wengine hawakula kabisa. Walinusa, wakalala na njaa, asubuhi mkeka mtupu. Nilikasirika sana. Nilijisemea, hawa wamezoea msitu, waacheni na msitu wao.

Miongoni mwa wasiokula alikuwapo Bibi Nyoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya mkulima, mtu wa upande wa Mpitimbi. Watu waliomfahamu walisema hajatamka neno tangu vita. Alikuwa akilala ukingoni mwa msitu wa Matogoro na kula mizizi ya porini. Kila siku mchana alikuja, akasimama mbali, akaitazama sufuria yangu, akaondoka. Wakati mwingine alitembea akizunguka mti mmoja mpaka jua likachwa. Lakini ukimwona kwa mbali ungesema huyu ana nguvu kuliko sisi sote, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake, kwa sababu shaushi alikuwa akimwona kwa mbali.

Shaushi ndiye aliyekuwa sajini wa askari. Huyu wetu alikuwa mtu wa pwani, ndevu zake amezipaka hina, kiboko hakimtoki mkononi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukusanya wapagazi wa kupeleka mizigo Lindi. Mwenye nyumba yake iliyojulikana aliachwa alime. Asiye na nyumba alitwikwa. Wengi waliotwikwa katika miaka ile ya udhaifu hawakurudi.

"Mgeni siku mbili, Binti Athumani, ya tatu mpe jembe," akaniambia, akimwelekezea Bibi Nyoni kidevu. "Yule hana nyumba, hana mume, hana jumbe wa kumsemea. Msafara ujao namchukua."

"Shaushi, yule si mzima wa akili. Atakufa njiani."

"Basi mlaze bandani ale posho. Akiwa wa Daktari, mimi simgusi. Akiwa wa msitu, ni wangu."

Nikaanza kumfuata Bibi Nyoni kama kuku anavyofuata kifaranga kilichopotea. Nilimbembeleza. Nilimpelekea ugali kwenye jani. Nilimkemea. Siku moja nilimshika mkono nikamvuta kuelekea bandani, naye akanitazama, hakunipiga wala hakulia, nikamwachia mwenyewe. Niliogopa kwa ajili yake hata usingizi ukawa haba.

Aliyenifungua macho ni Mzee Haule. Huyu alikuwa amekatwa mguu na Bwana Daktari, lakini ulimi wake ulifanya kazi ya watu wawili. Yeye alikula sufuria ya boma bila taabu na kuomba ukoko.

"Mbona wewe unakula, Mzee Haule, na mwenzio hataki?"

"Mimi nimeshazoea, mama. Mimi ni msutu."

Sikulijua neno hilo. Akanieleza kwamba Wangoni walipokuwa wakipigana vita vyao vya zamani waliteka watu, wakawaingiza majumbani mwao, na hao ndio wasutu.

"Nilitekwa nikiwa mdogo," akasema. "Hawakunifunga kamba hata siku moja. Walinipa ugali wa chungu chao, nikala, na tangu siku ile nikawa mtu wao. Msutu hafanywi kwa kipigo, mama. Anafanywa kwa ugali."

"Na Bibi Nyoni naye ni msutu?"

Mzee Haule akacheka mpaka akashika kisiki cha mguu wake. "Yule? Yule ndiye aliyekuwa mwenye chungu! Amewalisha wangapi yule! Unadhani hajui kinachofuata ukishalamba upawa wa watu?"

Nikaiangalia sufuria yangu kubwa, nikaona aibu ya ajabu, kana kwamba nimealika watu harusini kumbe nimewategea mtego. Siku ileile nilikwenda kwa Bwana Daktari. Nilimwambia naomba banda likatwe vyumba, kila chumba na mlango wake, na kila mlango na mafiga yake matatu. Posho igawiwe mbichi, kila mtu ajipikie. Asiyeweza kupika kwa ugonjwa, nitampikia mimi hapo hapo kwenye jiko lake, na moto utakuwa wake.

"Nyasi na moto!" akasema. "Utaniunguzia nyumba."

"Bwana, nyumba huungua na watu wakalia. Hii ikiungua leo, nani atalia? Haina mwenyewe."

Akauliza watu wakijipikia, atajuaje nani hali. Nikamjibu kwamba jiko la baridi linaonekana hata ukiwa juu ya kilima. Hilo lilimpendeza. Akaamuru mafiga yakae nje, chini ya vijipaa vidogo, hatua kadhaa kutoka kwenye nyasi, na kila mlango uwe na mtungi wa maji. Ilikuwa amri nzuri, nami niliishika miaka yote.

Watu wakaanza kukaa. Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Waligombana kuni, waliibiana chumvi, mjane mmoja alimwagia jirani maji ya moto kwa sababu ya kicheko tu. Lakini waligombana kama majirani, na mtu anayegombana na jirani hana haraka ya kurudi msituni.

Bibi Nyoni aliviangalia vile vyumba kwa mbali. Nilimwekea kimoja cha mwisho, upande unaotazama Matogoro, na mafiga nikampangia. Akaja, akayang'oa yote matatu, akayatupa. Nikasema, basi tena, ameshindikana. Kesho yake akaja na jiwe kichwani, la kijitoni, jeusi, zito. Akaliweka, akaenda zake kulala msituni. Siku ya pili yake akaleta la pili. Nikaelewa. Hakutaka mafiga ya kupewa.

Nilipokuwa nashukuru Mungu, shaushi naye alikuwa amesimama njiani. Alikuwa amemwona na lile jiwe.

"Kumbe anabeba vizuri," akasema. "Msafara unaondoka kesho. Jioni hii nakuja kumfuata."

"Amekwishapata chumba, shaushi."

"Mafiga mawili si jiko, na hajalala humo hata siku moja. Usinichezee."

Mchana ule Bibi Nyoni alikuja na jiwe la tatu. Nilimpimia unga na kumwazima chungu. Nilimweleza habari za shaushi, nikamwambia aingie ndani afunge mlango. Hakuingia. Aliwasha moto, akachemsha maji, akachuma mboga za maboga nyuma ya banda. Alisonga ugali kwa mwendo wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na mimi machozi yakanitoka, sijui kwa furaha au kwa hofu.

Jua lilipokuwa linaelekea kuchwa shaushi akatokea na askari mmoja nyuma yake, kamba begani. Watu wote wakatokeza, kila mmoja mlangoni pake. Bibi Nyoni alikuwa ndiyo kwanza anaepua. Akainua macho, akamtazama yule mtu na kiboko chake, kisha akasogeza kigoda.

"Karibu," akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini ilisikika mpaka mlango wa kwanza. Shaushi akasimama. Sasa nyinyi mnajua adabu yetu: mtu akikukaribisha chakula kimeshaiva, hupiti tu kama mbuzi. Na shaushi, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mtu aliyelelewa. Tena alikuwa ametembea tangu alfajiri. Akatazama huku na huku, akampa askari kiboko amshikie, akanawa mikono, akasema bismillahi, akala. Bibi Nyoni alikula naye. Hicho kilikuwa chakula cha kwanza nilichomwona akikila.

Walipomaliza, Mzee Haule akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Haya, shaushi! Umekula chungu cha Bibi Nyoni. Kwa desturi ya huku, sasa wewe ni mtu wake. Kesho atakutuma kuni!"

Watu wakaangua kicheko, mpaka yule askari mwenye kamba. Nilidhani shaushi atatucharaza wote. Lakini alinyanyuka polepole, akajifuta mikono.

"Mwenye nyumba hatwikwi," akasema. "Alhamdulillahi, mama, umepika vizuri." Akachukua kiboko chake, akaondoka.

Kesho yake msafara uliondoka na watu wengine, waliokamatwa vijiji vya mbali ambako sikuwa na banda wala kauli. Hao nao nawakumbuka. Bibi Nyoni alikaa katika chumba kile mpaka mwisho wa uhai wake. Hakupata kuwa msemaji, na siku nyingine bado alikwenda kuuzunguka mti wake. Lakini jioni alirudi kupika.

Bwana Daktari alihamishwa. Akaja Sista Mkuu wa misheni, aliyetaka kila mlango uwe na msalaba. Tulielewana kwamba aulize kwanza mwenye mlango. Akaja Bwana Mkubwa Mwingereza, aliyetaka kurudisha jiko moja ili kuni zipungue. Nikampeleka kwa Mzee Haule, akatoka huko amechoka kusikiliza, na mafiga yakabaki. Nilipozeeka nikakabidhi kazi, nikarudi Nakapanya kwa mtoto wa kaka yangu.

Anaitwa Rashidi, ni mtu mwema. Mkewe alinipokea kwa mikono miwili. Alinipakulia wa kwanza, nyama laini alinichagulia mimi, hakuniacha nishike hata mwiko. Nilishiba kila siku, na kila siku nikajiona napungua. Mwishowe nikamwambia Rashidi aniletee mawe matatu. Aliumia sana.

"Shangazi, watu watasema tunakunyima chakula."

"Waache waseme. Mimi nitawajibu."

Akaniletea. Sasa napika kauji kangu na kisamvu, na jioni nyingine naungua vidole, maana macho si yale. Juzi asubuhi mkewe alikuja mlangoni kwangu na kigae mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Moto wangu umezimika. Naomba kaa."

Nikamwitikia marahaba, nikainama jikoni kwangu, nikamchagulia kubwa.