Kipande Nilichokiruka

Kwale na mimi hatujawahi kupatana. Kila masika nikishapanda mahindi kwenye shamba letu la Handeni, wao huja alfajiri na kufukua mbegu mstari kwa mstari. Ukiwatimua hawaruki, wanakimbilia vichakani shingo mbele, kama mtu anayewahi basi Segera. Ukiwafuata sana ndipo wanaruka, tena chini chini, kisha wanatua na kupiga kelele kana kwamba wao ndio walioibiwa.

Kwa hiyo sijui nilipatwa na nini siku ile ya palizi. Nilikuwa nimeshainua jembe kwenye majani marefu karibu na njia, kwale akafumuka miguuni pangu kwa kishindo hata nikakaa chini bila kupenda. Alipotoka palikuwa na kishimo kilichotandikwa nyasi kavu, na mayai sita ndani yake, bado yana joto. Nikajiambia nikimaliza mstari nitayachukua nikayakaange. Nilipomaliza, mwenyewe alikuwa amesharudi kuatamia, amejibana kimya, jicho moja kwangu. Hasira zikaniisha. Nikapalilia shamba zima, nikaruka kipande hicho tu, ukubwa wa mkeka.

Kwetu magugu ni tabia. Mpita njia akiyaona hasemi shamba lina majani, anasema mwenye shamba ni mvivu. Majirani wakaanza kunitania, mmoja akauliza kama pale nimeotesha dawa za kienyeji. Hayo niliyaweza. Nisichokiweza ni habari kwamba mama mkwe anakuja kutoka Manundu kukaa nasi wiki moja. Mama yule husafiri na jembe lake mwenyewe, na katika miaka tisa ya ndoa yangu hajawahi kuisifia kazi ya mikono yangu. Mume wangu akanishauri nifyeke tu, yaishe. Nilikataa, lakini niliogopa kweli.

Akaja. Asubuhi ya pili, baada ya shikamoo na chai, akachukua jembe akaniambia twende. Nikamfuata nyuma huku natunga uongo, na wala haukutungika. Alipofika kwenye kipande kile akasimama, akainama, akayagawa majani taratibu kwa vidole. Kwale hakuruka. Wakatazamana.

Mama mkwe akanyooka.

"Umepalilia karibu mno," akasema. "Mwewe atamwona."

Akaokota magugu niliyoyang'oa, akayaegemeza kukizunguka kiota, huku akinieleza kwamba kwao, alipokuwa mtoto, walikuwa wanaacha hatua tatu kila upande, na kwamba kazi ifanywe vizuri au iachwe. Nilikaripiwa asubuhi nzima, na sijui lini nimefurahi hivyo.

Siku nne baada ya yeye kuondoka nilikuta maganda matupu. Vifaranga wa kwale hawangoji kulelewa kiotani, wakikauka tu wanamfuata mama yao. Niliwasikia vichakani wakilia kidogo kidogo, wezi wangu wa masika ijayo. Nikampigia mama mkwe simu hapo hapo shambani. Hakuuliza habari za mwanawe wala wajukuu.

"Wametoka wangapi?"

Nikamwambia maganda ni ya mayai yote sita. Nikamsikia akicheka peke yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa kapalilie hapo, watu wasikuone mvivu."