Mpira wa Kufungia Marobota

Nilikwenda Makambako kwa sababu ya bega. Niliteleza juu ya gogo nikipasua mbao, mkono ukavunjika, na mfupa ulipounga bega likagoma: mkono haukupita usawa wa kifua. Kazi yetu ni ya watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni, msumeno mrefu katikati. Mwenzangu Yohana alinivumilia msimu mzima. Mwishowe akasema, "Kaka, Pasaka ikipita hujapanda gogoni, nitatafuta mtu. Watoto wangu nao wanakula." Sikumlaumu, lakini usingizi uliniruka.

Asubuhi ya safari Njombe yote ilikuwa imezama kwenye ukungu. Nilipanda lori la mbao. Dereva wake ndiye aliyekuwa amenisimulia kwamba Makambako kumefunguliwa chumba cha kunyanyulia vyuma, ambako hata viungo vilivyokaza hulegezwa. Siku hizo za biashara huria kila kitu kilikuwa kinafunguliwa huko. Misonobari ikapita, ikapita miti ya miwati, kisha nchi ikatandaa na upepo ukaanza kutupiga usoni.

Makambako, macho yangu hayakutosha. Redio, baiskeli, marobota ya mitumba yaliyorundikwa hadi usawa wa paa! Chumba cha vyuma nilikiona pia. Mwenyewe akataja ada ya kila mwezi, nikanywea. Hata ningelipa, vyuma vingebaki pale, mimi na bega langu tungerudi Njombe.

Dereva akanionea huruma, akanipeleka uani kwa Mama Zena, muuza mitumba mwenyeji wa Kigoma, ambaye naye aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori akavunjika mkono.

"Karibu, Mbena," akaniita kwa kabila langu. "Hebu inua mkono."

Nikainua.

"Basi? Hapo hata kuku humfukuzi!" Akaniandalia pa kulala kwenye stoo.

Alfajiri, baada ya swala, niliona jambo ambalo sijalisahau. Wapakiaji wake walichukua mipira ya kufungia marobota, vipande tu vilivyokatwa kwenye tyubu chakavu, wakaifunga kwenye bodi ya lori na kuanza kuvuta, polepole, wote pamoja, migongo ikifuka mvuke kwenye baridi ile. Ndivyo walivyolainisha viungo kila siku kabla ya kupakia. Kati yao alisimama Mama Zena mwenyewe, khanga imekazwa kiunoni, mkono uliovunjika ukipanda hadi juu ya kichwa na kushuka bila shida. Nilistaajabu hadi machozi yakanilenga. Mpira ule kwetu tungeutupa jalalani.

Akanipa kipande. Nikavuta kwa mazoea ya kazi yangu: msumeno ukifika mwisho unalegeza, mwenzako avute. Nikalegeza. Mpira ukanichapa puani.

"We Mbena!" Mama Zena alicheka hadi akaegemea robota. "Msumeno una mtu upande wa pili. Huu hauna. Urudishe mwenyewe, taratibu, kama unalaza mtoto."

Nilikaa kwake hadi nikaujua mvuto ule, kisha nikarudi Njombe na mpira umekunjwa mfukoni mwa koti. Mke wangu aliugeuzageuza. "Umekwenda kote huko kuleta takataka?"

Nikaufunga kwenye nguzo ya jiko. Mkono ukafika kidevuni, ukakwama hapo muda mrefu, nikakata tamaa, nikavuta tena. Bandu bandu huisha gogo: methali hiyo nimeisema tangu utotoni, nami nimemaliza magogo mengi, lakini sikuwahi kudhani inahusu bega.

Pasaka ilipopita nilimkuta Yohana tayari shimoni, akimsubiri mtu mpya aliyempata. Nikapanda gogoni kabla mtu huyo hajafika. Nikashika msumeno, nikauinua. Ukapita kifua, ukapita kidevu, ukapita paji la uso.

Yohana akatazama juu. Hakutaja bega.

"Kamwene," alisema, kama tunavyomsalimu mtu aliyefika kutoka mbali.

"Kamwene."

Akavuta, nami nikalegeza.