Bangili Katika Wimbo wa Champa

Vatsala Karmarkar aliimba wimbo mmoja tu wa filamu maishani mwake, akiwa na miaka kumi na minne. Mwimbaji aliyepangwa alishikwa na homa, wapiga ala walikuwa wamekaa wanasubiri, na baba yake, aliyepiga kinanda katika studio ile ya Bombay, akasema, "Nyumbani nina mtoto anayeujua." Wakamleta mbio, nywele zinamtiririka mafuta, wakamsimamisha juu ya kreti ili mdomo ufikie maikrofoni. Aliuimba mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyochukuliwa. Alilipwa boksi la peremende za maziwa, akalimaliza njiani na baba yake.

Santuri ilipotoka haikuwa na jina lake. Siku zile kwenye karatasi ya katikati waliandika jina la mhusika wa filamu, si la aliyeimba, kwa hiyo waliandika Champa. Filamu yenyewe ilionyeshwa wiki moja ikafa. Mwaka uliofuata ikaja posa kutoka Indore, na wakwe wakatoa sharti: asiimbe tena, wala asimwambie mtu kwamba aliwahi kuimba.

Mumewe, Bwana Karmarkar, karani wa reli, hakuwa mwanamume wa kupiga. Ukatili wake ulikuwa wa kimya. Jirani akifungulia redio ya nyimbo za filamu, yeye huinuka, hufunga dirisha, kisha hurudi kwenye sahani yake. Kwa miaka arobaini na minne Vatsala alisukuma chapati dirisha likiwa limefungwa. Siku mume alipokufa, wanawake wa ukoo walimshika mikono wakamvunjia bangili zake za kioo, maana mjane havai bangili. Alilia kama ilivyompasa. Lakini miaka arobaini na minne si mchezo, na moyoni alijua sasa hapakuwa na wa kumkataza. Alitaka kitu kimoja tu kabla naye hajaondoka: jina lake liandikwe kando ya wimbo ule.

Mahali pa kuandikwa palikuwepo. Indore ilikuwa na chama cha wakusanyaji wa nyimbo za filamu za kale, nao walikuwa wakiandaa Daftari Kuu: kila wimbo, nani aliutunga, nani aliuimba. Hawa ni watu laini sana. Watakuambia ngoma ilipigwa na nani mwaka gani, na machozi yatawalengalenga. Gusa santuri zao ndipo utajua upole wao unaishia wapi. Mkuu wao alikuwa Girdharilal Nyati, muuza miwani mstaafu, nao walimwita Ustadhi. Ndiye pekee aliyejulikana kuwa na santuri ya Champa. Na ni yeye, kwa sikio lake tu, aliyetangaza kwamba sauti ile ilikuwa ya mwimbaji marehemu Sakina Bai wa Lahore. Kwa ugunduzi huo walimvisha shali ya heshima na picha yake ikatoka gazetini. Sakina Bai alikuwa kaburini, asingeweza kukanusha.

Gazeti hilo Rohini, mke wa mwanawe Vatsala, alimsomea mkwewe wakichambua dengu.

"Huyo ni mimi," Vatsala akasema.

"Nani, huyu mzee mwenye shali?"

"Sauti. Ni yangu."

Rohini alicheka mpaka dengu zikamwagika. "Mama jamani! Wewe unayekohoa ukipanda ngazi mbili?"

Jumapili asubuhi Vatsala alivaa sari yake nyeupe akaenda mkutanoni peke yake. Walikuwa wanaume kama ishirini, mikononi vibakuli vya poha, mchele uliopondwa na kukaangwa, na vikombe vya chai. Wakampisha kiti kwa heshima zote. Wimbo wa Champa ukapigwa kutoka kwenye kanda aliyoirekodi Ustadhi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni Vatsala aliisikia sauti yake. Ilimuuma kwa uzuri wake. Ulipokwisha akasimama akawaambia.

Daktari mmoja wa meno akasema, "Shangazi, mwezi jana alikuja babu mmoja akidai ndiye aliyepiga zumari kwenye kila wimbo tuupendao. Tulimpa chai akaenda zake."

"Mwacheni," Ustadhi akasema kwa upole. "Kama ni yeye, atuimbie."

Angekataa. Lakini mwenye njaa ya miaka arobaini na minne hakatai. Aliimba. Kwenye mstari wa pili sauti ilikwaruza, na kwenye mstari wa tatu, pale Champa anapopanda juu, meno ya bandia yalimcheza akayashika kwa kiganja.

"Daktari, mgonjwa wako huyo!" mtu akapiga kelele.

"Sakina Bai amekufa mara ya pili!"

Walicheka mpaka wakafuta macho, watu hao hao wanaolia wakisikia zumari. Vatsala alingoja kicheko kiishe, kisha akasema, "Kabla ya ubeti wa mwisho, zumari linapomaliza, bangili yangu iligonga nguzo ya maikrofoni. Baba alinifinya sikio kwa ajili ya hilo. Mlio wa bangili umo."

"Kwenye kanda haimo, shangazi. Tumesikia sote sasa hivi," daktari akasema.

"Basi pigeni santuri yenyewe."

Hapo alimwona Ustadhi akiishusha chai bila kuinywa. Ustadhi alipokuwa akirekodi kanda ile kutoka kwenye santuri alisikia mlio mdogo, akadhani ni mkwaruzo, akaukata. Sasa alijua ni nini.

"Santuri haipigwi ovyo, sindano inaila," akasema taratibu. "Lakini mama amejisumbua kuja. Njoo kwangu Jumatano saa nne, mama. Tutaisikiliza."

Wote wakamsifu kwa moyo wake mkubwa.

Jumatano alikaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa, santuri zimejaa ukuta mzima mpaka darini. Mke wa Ustadhi alikuwa jikoni. Ustadhi alifuta santuri kwa hariri, akatia sindano mpya, akaishusha. Sauti ya mtoto ikaja, ikapanda, zumari likaingia likamaliza. Ting! Kioo juu ya chuma, wazi kabisa.

Vatsala alijishika kifundo cha mkono kilichokuwa kitupu, akalia kwa sauti.

"Nimesikia," Ustadhi akasema. "Ni wewe, mama. Mimi nilikosea."

Hakuna aliyewahi kumwambia maneno mazuri kama hayo, si baba, si mume. Alitaka kumgusa miguu kwa heshima, kama mtoto kwa mzee, ingawa walikuwa rika moja. Ustadhi aliitoa santuri akaja nayo, ameishika kwa ncha za vidole.

"Mshike mwanao. Umemtafuta muda mrefu."

Alinyoosha mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa bado havijaifikia, vilibakiza upana wa punje ya mchele, na alikuwa anavitazama vidole vya Ustadhi vilipofunguka. Santuri zile nzito za zamani hazina msamaha. Ilianguka kwenye sakafu ya mawe ikatawanyika vipande vipande.

"Ameivunja!" Ustadhi alipiga ukelele wa msiba. "Njooni! Bibi ameivunja! Ole wangu, dunia nzima ilikuwa moja tu!"

Mkewe akatoka jikoni, majirani wakaingia. Walimkuta Ustadhi amepiga magoti anakusanya vipande kwenye shali yake, na Vatsala amesimama na mikono mbele, mitupu.

"Aliiachia," Vatsala akasema. "Niliona. Na bangili ilisikika, mwulizeni."

Ustadhi aliinua uso uliolowa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa sababu santuri aliipenda kuliko mtu yeyote. "Bangili gani tena, mama?" akauliza. "Mikono ilikutetemeka. Uzee. Nimekusamehe."

Mnyonge hana haki, na mnyonge aliyesamehewa hana hata pa kulalamikia. Mtaa mzima ulimjua tangu siku ile. Akienda sokoni, muuza vyombo alisogeza bilauri zake ndani, watu wanacheka. Mwanawe aliandika barua ya kuomba radhi kwa chama bila kumwuliza.

Daftari Kuu lilitoka wakati wa sikukuu ya Diwali. Chama kiliwatumia nakala, bure, kwa ukarimu. Rohini alilifungua mezani akatafuta ukurasa, kidole kikishuka.

"Mama! Umo!"

"Soma."

"Champa. Mwimbaji, marehemu Sakina Bai wa Lahore, kwa utambuzi wa Ustadhi Girdharilal Nyati. Santuri pekee iliyojulikana ilivunjwa na Bibi Vatsala Karmarkar wa Indore." Rohini aliziba mdomo, lakini kicheko kilimtoka puani. "Si ulitaka jina lako liandikwe kando ya wimbo, Mama? Haya, hilo hapo."

Vatsala alifuta unga mikononi, akainuka akafunga dirisha, akarudi kwenye chapati zake.