Baraza Nililolijenga Mlangoni

Mimi ni mwanamke mchora ramani za nyumba, mzaliwa wa Bagamoyo, na kiburi cha kazi ninacho. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani kosa hili nitamtwika mwingine.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuchora nyumba ndogo ubavuni mwa zahanati moja, ya kuwapokea wanawake waliobakwa. Walitaka mahali ambapo mtu angepimwa, angetibiwa, angetoa maelezo yake na kupumzika, bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi akirudia aibu ileile kwa kila anayeuliza. Nilikubali papo hapo. Nilikuwa na shangazi aliyefanyiwa unyama huo usichanani, akaishi nao kimya mpaka tukamzika. Kazi hii niliifanya kwa moyo wote, na kwa hasira.

Ndani nilifikiria kila kitu. Chumba cha mazungumzo nilikipa milango miwili, ili anayehojiwa asijione amezibiwa njia. Komeo niliweka upande wake. Viti vilikuwa vya kimo kimoja, asiwepo wa kumtazama mwenzake kutoka juu. Madirisha niliyapandisha kupita vichwa vya wapita njia, upepo uingie, macho yabaki nje. Katikati niliacha ua mdogo, nikapanda asumini.

Nje nikajenga baraza. Kwetu nyumba isiyo na baraza huonekana kama imenuna, nami sikutaka mtu aingie akidhani anaingia ofisi ya serikali. Nililijenga la mawe na chokaa, refu, pande zote mbili za mlango, likasuguliwa mpaka likateleza. Muuguzi mkuu, mama mmoja wa bara, aliitazama ramani akaniuliza, "Hapa nje watakaa kina nani?"

"Watu," nikamjibu. "Nyie wa bara mnajenga nyumba kama ghala, baraza mtalijulia wapi?"

Alicheka, nami nikacheka, tukaendelea na mambo ya mabomba.

Nyumba ilipofunguliwa, baraza lilipendwa mno. Wazee wa mtaa walikuja kungojea adhuhuri kivulini, muuza kahawa naye akahamishia birika lake pale. Kila nilipopita upande ule nilikaa kidogo, nisikie likisifiwa.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa nimekaa hapo na wanaume watano sita. Akaja binti wa miaka kama ishirini, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, viatu vimejaa vumbi la njia ya Msata. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni. Pwani huwezi kuwapita watu barazani bila kuwaamkia, utaambiwa hukulelewa.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoka wapi?" mzee mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa.

Alipotaja kijiji, mwingine akadakia. "Aa, huko mimi nina ndugu zangu! Binti wa nani wewe? Una mgonjwa humu?"

Binti aliutazama mlango, kisha akatazama chini. "Hapana, babu. Nimepotea. Naulizia stendi."

Aliyemwelekeza ni mimi. Niliinuka, nikamshika bega, nikamtoa mpaka barabarani. "Nyoosha hivi, ukifika kwenye duka la mabati kata kulia. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa. Ahsante."

Alipoondoka tulikaa tukisifu adabu yake. Mzee mmoja alisema mabinti wa namna ile wamebaki wachache.

Miezi kadhaa ilipita, ndipo muuguzi akaniita chumbani kwake. Aliniambia kwanza kwamba yule binti aliyeulizia stendi na mama yake wamemruhusu kunieleza habari zao. Binti yule alikuwa amebakwa akirudi kutoka shamba lao la mananasi. Siku aliyofika kwetu ilikuwa ya tatu, na dawa za kumkinga mtu na virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya siku tatu. Wiki iliyofuata mama yake alimleta mwenyewe, muda umeshapita. Vipimo vya baadaye vilionyesha ana virusi. Sasa anameza dawa kila siku, na atazimeza maisha yake yote.

"Anasema asingeweza kuingia," muuguzi alisema. "Angewajibu nini?"

Hakuinua sauti wala hakunikumbusha lile swali lake la siku ile. Heri angenitukana.

Kesho yake nilipeleka fundi na nyundo. Wazee walisikitika. Mmoja akaniuliza baraza limekosa nini, nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, kwani hakufanya lolote zaidi ya kumjulia hali mtoto wa watu. Mlango wa mbele niliuziba. Nikafungua mwingine upande wa kliniki ya mama na mtoto, ambako wanawake hupita kutwa nzima na hakuna anayemuuliza mwenzake amefuata nini. Ilikuwa kazi ya siku nne. Niliisimamia mwenyewe, usiku nikawa silali.

Kisha nikamwomba muuguzi aniombee kwa mama wa binti, kama angekubali, nimtake radhi. Mama alikubali. Alikuja peke yake, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya jembe, tukakaa uani. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nilimwambia kuwa baraza lile nililijenga mimi, na kwamba siku ile nilikuwepo, nimekaa juu yake.

"Najua, dada," alisema. "Mwanangu alinieleza habari zako."

Nilingojea laana. Niliitaka, kwa kweli.

"Aliniambia, mama, wale wote walikuwa wananiuliza maswali. Yule mama peke yake ndiye aliyenionea huruma, akanionyesha njia ya kurudi nyumbani."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.