Opaline Stidham na Wimbo wa Nne wa Jimbo

Opaline Stidham amewapikia watoto wa shule yetu tangu mimi mwenyewe nilipokuwa nikipanga foleni na sinia mkononi. Jumapili huongoza uimbaji katika kanisa letu la mbao. Wimbo wa mto aliutunga bibi yake, na huku milimani tumezikana kwa wimbo huo. Lakini vijana wanahamia mijini kufuata kazi, viti kanisani vinabaki vitupu, na Opaline alikuwa na hofu moja: kwamba akifa yeye, wimbo utamfuata. Ndiyo maana alimsumbua mbunge wetu mpaka akaandika muswada kwamba wimbo wa mto uwe wimbo rasmi wa jimbo na ufundishwe kila shule.

Mume wangu Delbert alicheka. Alisema jimbo lina nyimbo tatu tayari, lina ndege wake, ua lake, hata kinywaji chake, ambacho ni maziwa. "Mwambie Opaline apeleke na maharage yake," akasema, "huenda nayo yakapitishwa."

Siku kamati ya Bunge ilipousikiliza muswada nilikwenda, kwa sababu binti yangu Maudie alikuwa miongoni mwa waimbaji wa Opaline, na huzimia akisimama muda mrefu. Mwenyekiti, mzee mpole, alitangaza kwamba kila kikundi kina dakika tatu.

Kwetu wimbo hauanzi na maneno. Kwanza huimbwa kwa majina ya sauti, fa, sol, la, mpaka mwisho, ndipo maneno yafuate. Ndivyo tulivyolelewa, hakuna anayewaza mara mbili. Opaline akainua mkono, wakaanza: fa, sol, la. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akapekua karatasi zake akitafuta maneno hayo. Nilitamani kumwambia Opaline arukie maneno. Walipomaliza na kuvuta pumzi waingie kwenye maneno, nyundo ikagongwa.

"Muda umekwisha, mama," mwenyekiti akasema. "Na hatujasikia neno hata moja."

Waimbaji wakatazama viatu vyao. Maudie alikuwa mweupe kama unga. Opaline akafuta mikono kwenye sketi, kana kwamba amevaa aproni.

"Bwana Mwenyekiti, saa nimeisahau mimi," akasema. "Ila zile fa, sol, la ni za wageni. Twawaimbia ili waushike wimbo kwanza. Sasa mmeushika, na maneno mnayo hapo kwenye muswada. Muda uliokwisha ni wetu, siyo wenu. Imbeni nyie."

Mjumbe mmoja mnene wa kule nyanda za chini, aliyekuwa akimenya peremende, akaanza kwa sauti ya chini. Aliushika sawasawa. Mama wa pembeni yake akamfuata. Walipofika ubeti wa pili kamati nzima ilikuwa inaimba, na Opaline hakuimba. Alipiga mkono juu, chini, kama Jumapili.

Muswada ukapita kwenye kamati, na theluji ilipoyeyuka Bunge zima likaupitisha. Zile tatu za zamani hazikufutwa. Nani angethubutu kuwaudhi wenye nyimbo hizo?

Maudie sasa anafanya kazi mjini. Juzi alinipigia simu, akaisogeza dirishani nisikie watoto wa shule ya jirani. Walikuwa wanaanza na fa, sol, la.

Nilikwenda jikoni kwa Opaline kumweleza. Aliuliza kama wanaburuta mwisho wa wimbo. Nikamwambia ndiyo, wanaburuta.

"Watoto wa mjini hao," akasema, akigeuza mkate wa mahindi. "Itabidi niende."